Umealikwa na Nani?

Mtu akitoka Mtwara kwenda Dar kuangalia Simba na Yanga, hakuna anayemuuliza amealikwa na nani. Anapanda basi la alfajiri, anahesabu Mnazi Mmoja, Nangurukuru, Somanga, daraja la Mkapa, anashuka Mbagala miguu imemvimba, na akirudi anahadithia kijiweni wiki nzima. Akijaliwa kufika London akapiga picha nje ya uwanja wa Arsenal, picha hiyo itabandikwa kwenye bodaboda mpaka jua liifute. Tunamwelewa. Kapenda.

Sasa waambie watu haohao kwamba umedunduliza misimu miwili ya korosho ili uende London ukasimame kwa muda wa saa mbili kusikiliza okestra. Swali la kwanza nililoulizwa hapa Majengo lilikuwa hili: "Umealikwa na nani?" La pili: "Posho shilingi ngapi?" La tatu hawakuniuliza mimi. Walimuuliza mke wangu, chini chini, kama nyumbani kuna amani.

Hilo la kwanza ndilo lililonikaa, kwa sababu halikuishia Majengo. Lilinisindikiza hadi kwenye fomu ya viza. Penye sababu ya safari niliandika kwamba nakwenda kumtembelea binamu. Si uongo, binamu yupo, anaishi pembezoni mwa London, na nililala sebuleni kwake siku kumi na moja. Lakini binamu hakuwa sababu. Sababu ilikuwa muziki, na sikuthubutu kuuandika, maana nilijua utakavyosomeka: mwanamume wa miaka arobaini na sita, mwenye duka la vifaa vya umeme na ekari sita za mikorosho, anadai anavuka bahari kwenda kusikiliza fidla. Mwenzangu mmoja wa kwaya, tena, alikuwa mkweli kunizidi. Aliomba viza ya nchi nyingine huko huko Ulaya akaandika ukweli mtupu: nakwenda kwenye tamasha la muziki wa kanisani, sina mwaliko, najilipia. Akanyimwa, na ada haikurudi. Karatasi ilisema kuna shaka kama atarejea kwao. Huyu ana ekari tisa Tandahimba. Angekimbilia wapi, na mikorosho inasubiri dawa?

Ukilitazama vizuri, swali la jirani yangu na shaka ya yule ofisa ni ndugu wa tumbo moja. Wote wawili wanaamini kwamba mtu wa kwetu husafiri kwa kutumwa. Anatumwa na wizara, na dayosisi, na shirika. Anakwenda semina, masomo, matibabu. Au anakwenda kupiga ngoma yeye mwenyewe ili wengine wamtazame. Kikundi cha sindimba kikipata mwaliko wa Ulaya tunakisindikiza kwa vigelegele. Mmakonde akienda kuwachezea watu, sawa. Mmakonde akienda kukaa kitako achezewe yeye, hapo pana neno. Na mimi nasema huyo wa pili ndiye tunayemkosa.

Ajabu ni kwamba asili yetu si hiyo. Ngoma haina kadi. Vijana wakitoka jandoni huko Newala, watu huvuka vijiji kwa miguu kufuata lipiko, mchezaji wa kinyago, na sijasikia mtazamaji akidaiwa barua. Waislamu wa pwani, ambao ndio wengi Lindi na Mikindani, hufuata maulidi mji hadi mji kwa kuwa tu wamesikia safari hii wapiga dufu ni hodari. Kusafiri kwa ajili ya sikio tunakujua tangu zamani. Kinachotushinda ni kuvuka nako bahari.

Tena huo muziki wenyewe si mgeni kiasi hicho. Mwaka 1876 yalitokea mambo mawili yasiyojuana. Agosti, huko Bayreuth Ujerumani, mtunzi Richard Wagner alifungua ukumbi alioujenga kwa ajili ya kazi zake mwenyewe, na tamasha lake lipo mpaka leo. Baadaye mwaka huohuo Askofu Edward Steere alifika Masasi na kundi la watu waliokombolewa utumwani, wakitokea Unguja, wakaanzisha kijiji na kanisa, na kanisa likaja na tenzi zake. Wabenediktini wa Ujerumani wakajenga misheni ya Ndanda kuanzia 1906, vita vya Majimaji havijapoa. Na watu wetu hawakungoja kufundishwa yote: tarumbeta za askari wa kikoloni walizigeuza kuwa ngoma ya beni, wakavaa kofia za maofisa, wakacheza. Hata Mungu Ibariki Afrika inabeba tuni ya Enoch Sontonga, mwalimu wa kwaya wa Afrika Kusini, aliyoitunga 1897. Mtoto wa darasa la kwanza Nachingwea anaiimba mstarini kila siku, wala hajui kuwa kinywani mwake mna nota za kwaya.

Kwa hiyo simwelewi anayesema muziki ule si wetu. Ulishafika zamani. Sisi ndio hatujawahi kwenda kuuona unakotoka.

Nieleze kwa nini nalishikilia hili. Kwaya yetu hufanya mazoezi Jumanne na Alhamisi, saa kumi na moja jioni. Pasaka ikikaribia tunayachimbua makaratasi ya Haleluya ya mtunzi Handel, kopi ya kopi ya kopi, yamefifia kiasi kwamba sauti ya tatu wanaimba kwa kukumbuka tu. Nota ni za herufi, d r m kwa do re mi, mwandiko wa mtu aliyekwisha tangulia mbele ya haki. Jioni moja umeme ulikatika katikati ya wimbo, kinanda kikafa, mwalimu akatuashiria tuendelee. Tukaendelea, na kwa kweli tulijiona malaika. Umeme ukarudi. Mpiga kinanda akabonyeza pale pale alipotakiwa kubonyeza, na ndipo tulipojua: tulikuwa tumeshuka sauti mpaka do yetu imekaa kwenye la yake, ngazi mbili chini. Watoto waliokuwa dirishani wakaangua kicheko. Mwalimu hakucheka. Akasema neno alisemalo siku zote: "Wazungu hawashuki."

Neno hilo ndilo lililonipeleka London, zaidi ya Handel mwenyewe.

Kwa sababu mwalimu wetu, mtu ninayemheshimu kuliko wengi, hajawahi kusimama mbele ya kwaya ya Kizungu ikiimba. Anayoijua ni ya kwenye simu. Na ile ya kwenye simu imerekodiwa mara tano, ikakatwa, ikaunganishwa, ikasafishwa na fundi mwenye kompyuta. Tunajipima kwa kitu ambacho hata walioimba hawakukiimba hivyo kwa mkupuo mmoja. Ni kama kufananisha ugali wako na picha ya ugali. Vizazi vya wanakwaya Mtwara na Lindi vimezeeka vikijiona dhaifu mbele ya picha, na hakuna aliyekwenda jikoni kuangalia.

Tamasha nililokwenda linaitwa Proms. Lilianza 1895, Robert Newman akiwa meneja wa ukumbi na Henry Wood akiongoza okestra, na nia yao ilikuwa wazi: kiingilio kidogo, watu wasimame, wazoee muziki bila kutishwa nao. Ukumbi wao wa kwanza, Queen's Hall, uliteketezwa na mabomu ya Wajerumani Mei 1941. Wakahamia Royal Albert Hall na wako hapo hadi leo, wiki nane kila mwaka kuanzia Julai. Katikati ya ukumbi, mbele kabisa, mahali ambapo kwingine wangewekwa waheshimiwa, hakuna viti. Hapo ni pa kusimama, na miaka ya karibuni bei yake ni pauni 8. Aliyelipa mara kumi ya hizo yuko nyuma yako.

Nilivaa viatu vipya, kosa la mshamba. Kufika nusu ya onyesho nilikuwa nimevivua, nimesimama na soksi. Bibi mmoja wa Kiingereza pembeni yangu, mwenye kikapu na chupa ya chai, alitazama chini, akaniangalia usoni, kisha naye akavua vyake. Hatukusemezana hata neno usiku ule wote.

Juu darini wametundika madude kama uyoga mkubwa. Yaliwekwa 1969 kuua mwangwi, kwani ukumbi ule wa duara ulikuwa ukitaniwa kwamba unakusikilizisha muziki mara mbili kwa kiingilio kimoja. Kabla ya kuanza, obo ilitoa sauti moja, nyembamba, ya puani kidogo, na ala zote zikaifuata kujipanga. Nikashtuka. Nikasema moyoni, mbona hii ni zumari! Na ni kweli, ni ukoo mmoja, zote mbili hupulizwa kwa ndimi mbili za utete. Nimesafiri saa zote zile nikakaribishwa na zumari.

Halafu kimya. Maelfu ya watu wakanyamaza kwa mara moja, na mimi ambaye nimezoea kuimba mtoto akilia, mama akipiga kigelegele, mzee akiitikia, kimya kile kiliniogopesha. Nilizuia kikohozi mpaka machozi yakanilenga. Sisemi kimya chao ni bora kuliko kelele zetu. Kwa kweli nadhani wimbo wa Pasaka bila kigelegele ni chai bila sukari. Lakini kilinipa kitu kimoja. Yale mafidla marefu ya besi, ambayo mpigaji huyapiga akiwa wima, yalianza taratibu mno, na niliyasikia kwanza kwenye sakafu, kwenye nyayo, kabla hayajafika masikioni. Simu haina nyayo. Miaka ishirini naimba besi, na siku ile ndipo nilipojua besi ni ya kazi gani.

Sasa tuingie kwenye fedha, maana najua hapo ndipo wengi mnaponisubiri.

Ada ya viza ya kutembelea Uingereza ilipanda hadi pauni 127 Aprili 2025. Weka hiyo kando ya kiingilio cha pauni 8: kuomba ruhusa ya kupita mlangoni kunakaribia bei ya usiku kumi na sita wa muziki. Nauli ya ndege ndiyo mlima wenyewe, na usisahau nauli ya kwenda Dar kuweka alama za vidole, halafu kurudi kusubiri, halafu kwenda tena. Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilipoikata barabara yetu kule Somanga, Dar yenyewe ilikuwa ng'ambo. Muziki ni rahisi, njia ndiyo ghali. Na kwa kuwa njia ndiyo ghali, anayesafiri kwa ajili ya onyesho moja ni mfujaji, ila anayekwenda kwenye tamasha ana akili. Nauli ni ileile usikilize mara moja au mara kumi. Proms ina maonyesho zaidi ya sabini kwa msimu. Mimi nilisimama usiku tisa kwa pauni 72, na hesabu hiyo niliipigia dukani, kwenye daftari la madeni, kabla sijamwambia mtu yeyote.

Kalenda nayo ina kejeli yake. Matamasha makubwa ya huko ni Juni hadi Septemba, ndiyo miezi ya kuipulizia mikorosho salfa. Fedha yetu huja kwenye minada ya korosho kuanzia Oktoba. Mtu wa Lindi anayetegemea ufuta hupata yake katikati ya mwaka, wakati ndege zimeshapanda bei. Asiyeitenga ya mnada wa Novemba, kabla haijageuka bati, harusi na ada za shule, asijidanganye. Na aliyeuza kangomba, kwa walanguzi, miezi mitatu kabla kwa nusu ya bei, huyo hata Dar hafiki.

Wanaonitaka ushauri hunitajia Salzburg ya Austria, kwa sababu wamelisikia jina la Mozart, mtunzi aliyezaliwa huko. Tamasha la Salzburg lipo tangu 1920 na sina ugomvi nalo, ila viti vya mbele vya opera vinapita euro 400, na huko si kwa watu wa kusimama na soksi. Mwanakwaya ningemwambia aende Leipzig, Ujerumani. Pale kuna kanisa la Mtakatifu Thomas, ambako mtunzi Johann Sebastian Bach alifundisha kwaya kuanzia 1723 hadi alipofariki 1750, na amezikwa humo humo. Juni kuna tamasha la Bach. Hata lisipokuwepo, kwaya ileile ya wavulana huimba kanisani Ijumaa jioni na Jumamosi alasiri, isipokuwa likizo au safari, kwa kiingilio cha euro chache. Ukiwa huko, Halle iko jirani kwa treni, alikozaliwa Handel mwaka 1685, na birika la ubatizo wake bado lipo kanisani. Nao wana tamasha lao mwezi huohuo. Viza ya Schengen, ile moja ya kuingilia nchi nyingi za Ulaya, ni euro 90 tangu Juni 2024, wanataka bima ya euro 30,000, na unaruhusiwa kuomba miezi sita kabla. Miezi sita kabla ya Juni ni Desemba. Mnada umeshalipa.

Na kuna jambo la Bach ambalo kila mwalimu wa kwaya kuanzia Masasi hadi Kilwa angelipenda. Agosti 1730 aliwaandikia wakubwa wa mji barua ya malalamiko, akawapanga wavulana wake kwa hesabu: 17 wanafaa, 20 bado hawajafaa, 17 hawafai kabisa. Mkubwa yule, ambaye sisi tunamwona kama sanamu, alikuwa na watu 54 na zaidi ya nusu wanamvurugia misa. Nilimsomea mwalimu wetu hilo kabla ya safari. Alifikiri nimelitunga.

Wapo wanaosema huu ni utumwa wa akili. Sikwepi. Handel huyo huyo aliweka fedha zake katika Royal African Company, kampuni iliyosafirisha watumwa kutoka Afrika Magharibi, hati zipo. Nilijua kabla sijaenda, na bado nilikwenda, nikisikiliza kwa sikio moja la mapenzi na moja la hasira. Kilwa Kivinje, huku huku kwetu kusini, mkoani Lindi, ilikuwa bandari ya biashara hiyo kwa upande wetu wa bahari. Sina mahali safi pa kusimama, si hapa wala kule. Ila nikisimama kule nikiwa nimejilipia, hakuna wa kunipangia nipende nini. Nilipenda vingi, na kimoja kilinichosha hadi nikatoka nje kununua maji.

Kuanzia 1909 hadi 1913 watu wa Lindi walibeba vichwani na mabegani mifupa ya mijusi wa kale, dainosaria, kutoka Tendaguru hadi bandarini, zaidi ya tani mia mbili. Mmoja wa mijusi hao sasa amesimama Berlin, kimo cha mita 13 na ushee, na mji ule huwa na tamasha lake la okestra kila majira ya joto yanapoisha. Yule hakudaiwa taarifa ya benki. Mjukuu wa aliyembeba akitaka kwenda kumwona mchana na kusikiliza okestra usiku, atadaiwa ya miezi kadhaa, pamoja na barua ya mwajiri ambaye mkulima hana.

Hoja ya mwisho ni kwamba fedha ile ingenunua kinanda kipya cha kwaya. Ingenunua. Na umeme ungekatika, nacho kingekufa kama mwenzake. Kwaya zetu hushona sare mpya kila sikukuu, tunachangishana bila kulalamika. Kama ni lazima mtu atumwe ndipo tumwamini, basi kwaya ziweke kibubu, sare zikae miaka minne, zimtume mtu mmoja akasikilize tu. Asiimbe, asihutubie, asiwakilishe. Arudi atuambie.

Usiku wa sita nilipokuwa pale, kwaya moja kubwa iliimba bila ala yoyote, dakika kama nane. Nilikuwa mita chache kutoka kwao, naona mishipa ya shingo zao. Walipomaliza, kabla makofi hayajaanza, kinanda cha ukumbi, kile chenye mabomba zaidi ya elfu tisa, kikaingia na sauti ile waliyoanzia. Nikasikia. Hawakuanguka hadi la kama sisi. Hata ti hawakuifikia. Lakini walikuwa wameshuka. Muongozaji wao alikunja uso kidogo tu, mkunjo ninaoufahamu sana.

Niliporudi, mwalimu alikuja dukani jioni ileile. Hakuuliza ndege wala baridi. Nikamweleza. Alikaa kimya, akakivuta kigoda, akakaa.

"Kiasi gani, kaka?"

Nikamwonyesha kwa vidole viwili, karibu vigusane. Akaviangalia muda mrefu kama anayepima waya.

Alhamisi umeme ulikatika tena. Safari hii alitusimamisha kwa mkono, akatoa sauti mwenyewe upya, tukaendelea, na ulipoingia ubeti wa tatu akatusimamisha akaitoa tena. Hakusema neno kuhusu Wazungu. Usiku wa manane Jumapili simu yangu ikalia. Mke wangu akashtuka akidhani msiba. Alikuwa mwalimu, anauliza tiketi za mwakani hufunguliwa mwezi gani.

Mei, nikamwambia.